Bure kwa Nani? Kujaribu Programu Mpya za Kompyuta kwa Busara



Somo tunalowaletea safari hii lilianzia chumba cha kompyuta, wiki mbili kabla ya siku ya kukabidhi kazi za utafiti za mwaka wa tatu wa falsafa. Asubuhi moja baada ya Misa, frateri mwenzetu alikwenda kufungua kazi yake, kurasa arobaini na kitu kuhusu nafsi katika mafundisho ya Aristotle. Faili ikakataa kufunguka. Faili zote za mashine ile zilikuwa zimeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa majina yake, na kwenye kioo palikuwa na barua ya Kiingereza iliyodai dola za Marekani ili zifunguliwe. Flashi yake ilikuwa imebaki imechomekwa usiku kucha, nayo ikapatwa na hayohayo.

Tulipochunguza, chanzo hakikuwa mbali. Siku mbili kabla, tulikuwa tumeweka kwenye mashine ile toleo jipya la programu ya ofisi, tulilonakili kutoka stesheneri moja ya mjini. Liliambatana na faili ndogo ya kuvunjia kufuli, ile ambayo vijana huiita "kraki". Maelekezo yake yalisema: kwanza zima kinga ya virusi. Tukaizima. Kwa maneno mengine, tulimfungulia mwizi mlango na mbwa tukamfunga. Aliyebonyeza kitufe alikuwa mmoja wetu, lakini hatutamtaja, kwa kuwa wote tulijua na wote tulikuwa tukisubiri kuitumia.

Baba Gombera alipoitwa hakufoka. Aliuliza, "Hiyo programu mlinunua wapi?" Mmoja wetu akajibu, "Ni ya bure, Baba." Akatutazama kidogo, akauliza tena, "Ya bure kwa nani?" Kisha akaenda zake kufundisha.

Swali hilo tumeishi nalo muhula mzima. Katika makala haya tunajaribu kulijibu kwa hatua tatu: kwanza tutachambua neno "bure", pili tutajibu pingamizi ambazo sisi wenyewe tulizitoa, na tatu tutaeleza namna ya kujaribu programu mpya kwa fadhila ya busara, pamoja na mambo tuliyoyaona tulipojaribu.

1. Maana nne za neno "bure"

Mwanafalsafa huanza kwa kutenganisha maana. Tulipokaa na kuhesabu, tuliona kwamba programu zinazoitwa za bure ziko za aina nne, na tofauti zake ni kubwa.

Ya kwanza ni bure ya kuonjesha. Mwenye programu anakuruhusu kuitumia kwa siku kadhaa, mara nyingi thelathini, au anakupa sehemu ndogo ya uwezo wake. Hapa hakuna udanganyifu. Mwenye duka la machungwa naye hukata kipande akakuonjesha. Kosa ni letu tunapoandika kazi nzima ndani ya programu ya kuonja, kisha siku ya thelathini na moja tunakuta mlango umefungwa na kazi yetu imo ndani.

Ya pili ni bure ya chambo. Hulipi fedha, lakini unalipa kwa kitu kingine: matangazo unayoangalizwa, au taarifa zako zinazokusanywa. Aina hii inahitaji macho makali zaidi kwa sababu malipo yake hayaonekani. Tulipokuwa utume parokiani, baadhi yetu tulizoea kugeuza nyaraka kuwa PDF kwa tovuti fulani ya bure. Unapandisha hati, inageuzwa, unaipakua. Siku moja tulipandisha kurasa za daftari la ubatizo. Hatukujiuliza hata mara moja kwamba majina ya watoto, ya wazazi na ya wasimamizi wao yamekwenda kwenye kompyuta ya mtu tusiyemjua, katika nchi tusiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwapo, wale waamini hawakutupa majina yao ili tuyafanye malipo ya huduma tuliyoiita ya bure. Bure kwa nani? Sisi hatukulipa, wao walilipa.

Ya tatu ni bure ya wizi, yaani programu ya kuuzwa iliyovunjwa kufuli. Hii ndiyo iliyotufikisha pale tulipofika.

Ya nne ni bure ya uhuru. Mwezi Septemba 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akikusudia kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia kwa kazi yoyote, kuchunguza unavyofanya kazi, kuwagawia wengine nakala, na kuurekebisha na kuwagawia marekebisho hayo. Ili hayo yawezekane, maandishi ambayo wataalamu wameyaandika kuiagiza kompyuta, yaani msimbo chanzo, lazima yawe wazi. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kutoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Kwa muungano huo dunia ikapata mfumo kamili ambao mtu anaweza kuunakili kwa halali na kumpa jirani yake.

Stallman alipata taabu ya kueleza wazo lake kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye mtumwa. Kiswahili hakina taabu hiyo, kwa kuwa tuna "bure" na tuna "huru". Sisi tulikuwa na maneno mawili mkononi na bado tukatumia moja tu. Programu huru mara nyingi ni ya bure pia, lakini thamani yake iko kwenye uhuru: aliyeitengeneza ameridhia, tena kwa maandishi, kwamba uinakili na umpe mwenzako. Hapo swali la Baba Gombera linapata jibu lisilo na aibu. Ni ya bure kwetu, na aliyeifanyia kazi ameridhia.

2. Pingamizi na majibu yake

Kwa desturi ya shule, tunaweka pingamizi kwanza. Hatukuzitunga. Tulizisema wenyewe jioni ile.

Pingamizi la kwanza: kampuni zinazotengeneza programu zile ni tajiri mno, nakala moja ya seminari haiwapunguzii kitu. Tena nakala si kama mbuzi; nikikunakilia, wewe unayo na mimi bado ninayo.

Jibu: ni kweli kwamba nakala si kama mbuzi, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wameamua kuzitoa kazi zao ziwe huru. Lakini uamuzi huo ni wao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inaeleza wizi kuwa ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake ya haki. Mtu aliyeweka kufuli ameshasema matakwa yake, hatuwezi kudai kwamba tulidhani ameridhia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kuhusu utajiri wa mwenye mali, amri ya saba haikuweka kiwango cha mapato ambacho mtu akikipita anaweza kuibiwa.

Pingamizi la pili: Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 66, kwamba mtu aliye katika uhitaji uliokithiri akichukua cha mwingine ili aokoe maisha hatendi dhambi ya wizi. Sisi ni maskini na masomo yanatudai.

Jibu: hili lilikuwa pingamizi letu zito, na tulijivunia kulipata. Padre anayetufundisha maadili alituambia tusome makala ile mpaka mwisho. Tomaso anazungumzia hatari iliyo wazi na ya lazima, ambayo haina njia nyingine ya kuondolewa. Je, hatukuwa na njia nyingine? Programu ya ofisi iliyo huru, inayofanya kazi zote tunazozihitaji, ipo na inapakuliwa bila malipo. Anayedai uhitaji wakati chakula halali kipo mezani hana uhitaji. Ana uteuzi wa chakula. Kwa hiyo kuwapo kwa programu huru kumeondoa udhuru wetu. Tuliona uchungu kidogo kulikubali hilo, lakini hatukupata la kulijibu.

Pingamizi la tatu: programu huru ni ngumu, tena zikifungua hati za wenzetu zinapangika vibaya. Tutaonekana wa ajabu tukipeleka barua jimboni.

Jibu: pingamizi hili halihusu haki, linahusu mazoea. Halijibiwi kwa hoja ila kwa kujaribu, na hapo ndipo tunapofika sasa.

3. Busara mbele ya programu mpya

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kijana akiona programu mpya mkono unamwasha. Mwingine, kwa kuogopa, hajaribu chochote, na miaka kumi baadaye bado anahesabu tanbihi kwa vidole. Fadhila iko katikati. Mtakatifu Tomaso, katika swali la 49 la sehemu ileile ya Summa, anataja sehemu nane zinazoikamilisha busara. Tumechukua tano zilizotufaa zaidi chumba cha kompyuta.

Utayari wa kufundishwa. Uliza kabla ya kupakua. Muulize aliyeitumia mwaka mzima, usimuulize aliyeiona jana. Kisha pakua kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Usichukue kwenye flashi ya stesheneri wala kwenye tovuti za kukusanya programu, ambazo mara nyingi huambatanisha vitu usivyoviomba. Wakati wa kusakinisha soma kila kidirisha. Tabia ya kubonyeza "endelea, endelea, endelea" ni sawa na kusaini barua usiyoisoma.

Kutazama mazingira. Programu inaweza kuwa nzuri na isifae hapa. Mashine ina kumbukumbu kiasi gani? Bando linatosha kuipakua na kuisasisha? Wanaopokea kazi zetu wanatumia nini? Na ni nani anayeimiliki programu hiyo? Hilo la mwisho laweza kubadilika. Mwaka 2017 wahalifu walipenya kwa watengenezaji wa CCleaner, programu ya bure ya kusafisha kompyuta, wakaingiza virusi ndani ya toleo rasmi, na watu zaidi ya milioni 2 wakalipakua kabla haijagundulika. Jina linalojulikana halitoshi.

Tahadhari. Kwa sababu hiyo, faili uliyoipakua unaweza kuikagua. Watengenezaji wengi huchapisha kando ya programu mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA-256. Ni kama alama ya kidole ya faili: ikibadilishwa hata herufi moja ndani ya faili, alama yote inabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, halafu linganisha. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya mfumo wa Linux Mint ilivamiwa, na kiungo cha kupakulia kikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa siri. Alama ya kidole ya nakala ile haikuwa sawa na ya nakala halisi. Lakini wavamizi waliofika kwenye tovuti wanaweza kubadilisha hata alama iliyoandikwa pale, kwa hiyo watengenezaji waangalifu huiwekea pia saini yao ya kidijitali. Anayeijua na aikague hiyo nayo.

Tahadhari ya pili, na hii tungeiandika kwa herufi kubwa kama mhariri angeturuhusu, ni nakala ya akiba. Akiba haiozi. Kanuni ya mafundi ni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na hizo nyingine. Flashi iliyochomekwa kwenye mashine ileile si nakala ya akiba. Mwenzetu alilijifunza hilo kwa machozi.

Kuona mbele. Kabla ya kuingia, tafuta mlango wa kutokea. Programu ikifa kesho, au ikianza kudai fedha, kazi zangu zitatoka vipi? Jaribio lake ni jepesi: andika ukurasa mmoja, uhifadhi, kisha jaribu kuufungua kwa programu nyingine. Ukifunguka, endelea. Usipofunguka, ujue umeingia mtego wa panya. Ndiyo sababu tunapendelea mpangilio wa ODF, ambao tangu mwaka 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo programu yoyote inaruhusiwa kuusoma na kuuandika.

Kumbukumbu. Uzoefu, kama Aristotle anavyofundisha, huzaliwa na kumbukumbu nyingi za jambo lilelile. Sasa chumba cha kompyuta kina daftari la kaunta. Kila anayeweka programu anaandika tarehe, jina la programu, toleo lake, alikoipata na alichobadilisha. Tena tunaweka programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukiweka nne siku moja na mashine ikaanza kugoma, hutajua mkosaji ni yupi.

Baada ya hayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu haijulikani kwa kuitazama. Tumeipa kila moja kazi halisi ya seminari, kwa nakala ya hati na si kwa hati yenyewe, ndipo tukatoa uamuzi.

4. Tulizozijaribu

LibreOffice. Ilianza mwaka 2010 pale sehemu ya watengenezaji wa OpenOffice.org walipojitenga na kuunda taasisi yao, The Document Foundation. Tuliipa jembe la kazi ya utafiti: sura, tanbihi na yaliyomo. Ilibeba. Ukitumia mitindo ya vichwa vya habari tangu mwanzo, ukurasa wa yaliyomo unajitengeneza wenyewe. Ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Udhaifu wake tuliuona katika hati za wenzetu zenye majedwali na visanduku vya maandishi, ambazo zilihama mahali. Dawa tuliyoipata ni hii: kazi yetu tunaitunza katika ODF, na tukitaka kuchapisha au kumtumia mtu wa kusoma tu, tunaigeuza PDF ndani ya programu hiyohiyo, bila kuipandisha kwenye tovuti yoyote. Hadi sasa hakuna barua ya jimboni iliyorudishwa. Wasomaji wa Tanzania wajue pia kwamba jambo hili si la kigeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Zotero. Hii ni ya kutunza vitabu ulivyosoma na kuweka tanbihi. Ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Unaingiza namba ya ISBN ya kitabu, nayo inajaza mwandishi, jina, mchapishaji na mwaka. Ukiwa unaandika kwenye LibreOffice, unachagua kitabu na tanbihi inaingia. Mwishoni bibliografia inajipanga. Ole wake asiyehakiki: mara kadhaa tulikuta jina la mwandishi limegeuzwa, la ukoo likawa la ubatizo. Vitabu vingi vilivyochapishwa na misheni zetu tulilazimika kuviingiza kwa mkono. Hata hivyo, kati ya zote, hii ndiyo iliyotuokolea usiku mwingi zaidi.

Linux Mint. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za chumba chetu ni za zamani, hazina sifa zinazodaiwa na Windows 11. Zilikuwa zinaelekea stoo. Uzuri wa Linux Mint ni kwamba unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mfumo wote unafanya kazi bila kugusa diski ya ndani. Ukichomoa flashi, mashine inarudi kama ilivyokuwa. Hicho ndicho tunachokiita kujaribu. Tuliionja wiki nzima, tukahakikisha printa na intaneti vinafanya kazi, ndipo tukaomba ruhusa ya kuisakinisha kwenye mashine mbili. Inahitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa 4 ndizo za kustarehe. Printa moja ya zamani imekataa mpaka leo, na wenzetu wawili bado wanalalamika kwamba vitufe viko pasipo mahali pake.

Kiwix. Hii inasoma hazina kubwa za maandishi bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia kwenye flashi ndogo. Ulipakua mara moja mjini, mnasoma seminari nzima. Kwa nyumba yenye bando la kuhesabu ni baraka, mradi tukumbuke kwamba ensaiklopedia ni mlango wa maktaba, haichukui nafasi ya maktaba.

Audacity. Tuliitumia kurekodi mazoezi ya kusoma masomo ya Misa. Kila mmoja alisikiliza sauti yake mwenyewe, na wengi tuligundua kwamba tunameza mwisho wa sentensi. Unyenyekevu ulipatikana bila malipo.

Tuliyoikataa: programu moja ya kuongeza kasi ya kompyuta. Ilitangaza kwamba mashine mpya kabisa ina hitilafu mamia, ikadai fedha ili iziondoe. Tuliiweka, tukaiondoa siku hiyohiyo, tukaandika kwenye daftari.

5. Padre aliyetutangulia

Tusidhani kwamba kompyuta na mtu wa Kanisa ni marafiki wa jana. Mwaka 1949 Mjesuiti wa Italia, Padre Roberto Busa, alikwenda New York kumwona Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM. Alikuwa amechunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Mtakatifu Tomaso, akagundua kwamba lazima afuatilie hata vijineno vidogo, na kwamba maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuvihesabu kwa mkono. Aliomba mashine, akakubaliwa. Kazi ilichukua miaka kama thelathini: maneno takriban milioni 11 yaliwekwa kwenye kadi na kisha kanda, yakatoka vitabu 56 vya Index Thomisticus. Leo faharasa hiyo iko kwenye intaneti, na mseminari yeyote anaweza kutafuta neno la Kilatini la Tomaso bila kulipa senti. Sisi tuliipata pingamizi letu la pili pamoja na jibu lake kwa njia hiyo.

Padre Busa aliingia kwa mlango wa mbele na kuomba. Mti alioupanda unatupa kivuli tusioulipia. Hiyo ndiyo bure ambayo tungependa mapadre wa kesho waizoee: mwenye kazi ameridhia, na anayepokea anajua amepewa.

Hitimisho

Wasomaji watauliza mwenzetu aliishiaje. Faili zake hazikufunguka, na fidia hatukulipa, kwa kuwa kumlipa mhalifu hakumfanyi awe mwaminifu. Kwa bahati msimamizi wake alikuwa na kurasa ishirini zilizochapishwa, zimejaa wino mwekundu, na nyingine zilikuwa katika madaftari yake. Katekisimu, namba 2412, inatukumbusha kwamba haki hudai kurudisha. Yule aliyebonyeza kitufe alikaa naye kila usiku baada ya Kompleto kwa ruhusa ya mlezi, mmoja akisoma na mwingine akichapa, kwa LibreOffice. Nasi wengine tulipokezana zamu. Kazi ilikabidhiwa siku tisa baada ya muda, ikapokelewa. Programu zote zilizovunjwa kufuli tumeziondoa chumba cha kompyuta. Kwenye baadhi ya kompyuta zetu binafsi, tukiri, kazi bado inaendelea.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika jumuiya:

1. Kati ya programu zilizomo kwenye kompyuta au simu yako, ni ipi usingeweza kusema umeipataje mbele ya mlezi wako?
2. Unapotumia huduma ya bure kwa nyaraka za parokia au shule, ni taarifa za nani unazozitoa?
3. Nakala ya akiba ya kazi yako ya sasa iko wapi? Ikiwa jibu ni "kwenye flashi hii hii", simama, ukaifanye nyingine kabla ya kusoma makala inayofuata.